Mwongozo kamili: namna ya kuamsha transiva ya zamani ya HF bila kuiunguza

Wakuu, hii naiandika kwa sababu nimechoka kupokea redio zilizoungua kwa kosa lile lile. Mtu anaipata transiva (redio ya kupokea na kurusha) ya HF, yaani ya mawimbi yanayofika nchi za mbali, ya miaka ya 70 au 80, ameachiwa na mzee au kanunua kwa mtu aliyekuwa anahama, imelala stoo miaka kumi na tano, anaifuta vumbi, anachomeka ukutani, anawasha. Dakika mbili baadaye kuna moshi na harufu kama dagaa waliolala soko la Mwaloni siku ya mvua. Afu ndio napigiwa simu.

Redio hizi uzee hauziui. Zinakufa siku ya kuamshwa, na zinauawa na haraka. Ukiiamsha polepole inakupa miaka mingine ishirini, tena utaitengeneza mwenyewe hapo mezani kwako kwa sababu ndani kuna vitu vinavyoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono.

Mfano wangu humu ni Kenwood TS-520S maana ndiyo iko mbele yangu hapa Kitangiri, Mwanza, ina transista sehemu kubwa na valvu (zile taa za glasi) tatu tu za kurushia: 12BY7A moja na 6146B mbili. Yaesu FT-101 na ndugu zake zinafuata njia hiyo hiyo ingawa valvu za fainali (za mwisho, zinazosukuma nguvu kwenda antena) zinaweza kuwa tofauti. Kama yako ni ya transista tupu kama TS-430S au IC-735 usiondoke, nimekutaja njiani.

Jambo moja kabla ya yote: hakikisha una leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na alama yako ya wito inayoanza na 5H. Bila hiyo usiguse PTT (kitufe cha kurushia), na kama redio yenyewe bado haijafika mkononi waulize kwanza utaratibu wa kuwa nayo.

## Vitu vya kuandaa

- Globu za zamani zile za waya unaowaka njano, moja ya wati 60 na moja ya wati 100. Za LED hazifai hapa hata kidogo. Siku hizi ni adimu, tafuta maduka ya umeme ya zamani au ulizia Makoroboi.
- Holda ya globu, soketi moja ya ukutani, waya na plagi
- Mita inayopima mpaka volti 1000 DC, na nyaya zake ziwe nzima zisiwe na ufa
- Rezista ya 10k, wati 10, yenye nyaya mbili ndefu zilizofungwa vizuri na plastiki
- Brashi laini ya kupaka rangi, spiriti safi, pamba, dawa ya kusafishia kontakti
- Kifaa cha kulehemu na risasi yake
- Rezista ishirini za 1k wati 2, zisiwe zile za kuzungushiwa waya
- Manyu (kitabu cha maelekezo) ya redio yako. Ipo bure mtandaoni, ichapishe, usitegemee simu
- Daftari

## Hatua ya 1: Soma volti kabla hujashika plagi

Redio nyingi zilizofika huku zilitengenezwa kwa soko la Japani au Marekani. Japani wanatumia volti 100, Marekani 117 hadi 120, sisi 230. Usiangalie plagi, plagi inabadilishwa na mtu yeyote. Angalia kibandiko cha nyuma, afu fungua uangalie transfoma imeungwa vipi ukilinganisha na mchoro wa kwenye manyu.

Mimi redio yangu ya kwanza niliiua hapa hapa. Ilikuwa na plagi ya pini tatu kama zetu, nikaamini, kumbe ndani imeungwa 117. Sikupata hata nafasi ya kusikia muungurumo, fyuzi haikukatika kwa sababu mtu aliyenitangulia alikuwa ameweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Kwaiyo angalia na fyuzi pia, iwe ya kiasi kilichoandikwa, waya hapana.

Zile za transista tupu zinataka volti 13.8 DC na karibu ampea 20 zikirusha. Betri nzuri ya sola inazibeba vizuri sana, kuliko hata pawa saplai nyingi za bei rahisi, ila weka fyuzi karibu na betri.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa uhakika, umeona mwenyewe na sio umeambiwa, kwamba hii redio iko kwenye volti fulani.

## Hatua ya 2: Kutoa umeme uliolala ndani

Kwenye transiva za valvu kuna volti 600 hadi 800 hivi za kulisha fainali, na kapasita zake zinaweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomoa. Volti hizo zinaua mtu.

Chomoa plagi, subiri dakika kumi. Vua pete, saa, cheni. Mkono wa kushoto uweke mfukoni ubaki huko, maana umeme ukipita mkono mmoja kwenda mwingine unapita kifuani. Shika rezista yako ya 10k kwenye plastiki yake, ncha moja kwenye chesisi (fremu ya bati ya redio), nyingine kwenye nguzo chanya ya kapasita kubwa, hesabu mpaka kumi. Afu pima na mita. Ikisoma chini ya volti 5 endelea.

Kuna mafundi wanapiga shoti na bisibisi. Usifanye hivyo, ile cheche inakula kapasita na inaweza kukurukia usoni. Na kila ukiwasha na kuzima tena, hii hatua unairudia yote. Hata kama umeshaifanya mara nne leo.

## Hatua ya 3: Safisha, ila usikoroge

Ndani ya redio iliyolala huku kwetu utakuta vumbi lililoshikana na unyevu wa ziwa, mayai ya mjusi, mende, na vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi vikifuata taa. Niliwahi kufungua moja iliyokaa karibu na dirisha Bwiru, juu ya kizimba cha fainali kulikuwa na tabaka la vijidudu vimekauka unene wa kucha ya kidole gumba, vimeshikana kama keki. Kitu kama hicho kwenye volti 800 kinapitisha umeme, kinawaka.

Tumia brashi kavu kwanza, taratibu, toa kila kitu kwenye kizimba cha fainali na kwenye mabawa ya feni. Blowa ya kompresa ya gereji usitumie, ina maji na nguvu yake inapinda visahani vya kapasita ya PLATE (ile ya nobu ya kutyuni fainali).

Swichi ya bendi ndiyo yenye kelele zote. Weka tone moja la dawa kwenye kila kontakti kwa ncha ya kijiti, zungusha swichi kwenda na kurudi mara ishirini. Usipulize kopo lote ndani, dawa ikijaa kwenye sahani za swichi inavuta vumbi na mwaka ukiisha umerudi palepale. Relei (swichi zinazovutwa na umeme) zisugue kwa kipande cha karatasi ngumu kilichoguswa spiriti, unakibana katikati ya kontakti na kukivuta. Msasa usiusogeze hapo.

Sasa onyo ambalo ningependa lisomwe mara mbili: zile skrubu za rangi zilizo juu ya makopo ya koili usiziguse. Zimepangwa kiwandani kwa vyombo. Naletewa redio ambayo kosa lake lilikuwa relei chafu tu, lakini mwenyewe kaona haisikii vizuri akaanza kuzungusha skrubu moja baada ya nyingine, na sasa kosa la dakika tano limekuwa kazi ya siku nne.

Kwa wenye TS-430S na wenzake, kazi yenu kubwa ni hapa: chomoa na rudisha kila konekta (plagi ndogo ya nyaya) ya bodi, afu kagua lehemu kwa lenzi. Ukiona pete nyeusi kuzunguka mguu wa kitu, ile lehemu imepasuka, ichome upya.

## Hatua ya 4: Kapasita

Kagua zile kubwa za pawa saplai. Iliyovimba kichwa, iliyovuja, au yenye ukoko chini, toa weka mpya yenye uwezo ule ule na volti sawa au zaidi, ukiangalia chanya na hasi. Isiyo na dalili iache kwanza, hatua ya globu itaisema.

Lakini kuna moja unabadilisha hata kama inaonekana nzuri: ile inayotoka pleti (bati la nje ndani ya valvu) ya 12BY7A kwenda kwenye gridi (nyavu zinazodhibiti mkondo) za fainali. Kazi yake ni kupitisha mawimbi na kuzuia DC. Ikianza kuvuja hata kidogo, gridi zinapata volti chanya, fainali zinavuta mkondo bila breki na zinawaka nyekundu kama jiko la mkaa. Kapasita ni ya bei ndogo, jozi ya 6146B kuagiza mpaka ifike Mwanza ni habari nyingine. Weka ya thamani ile ile, volti 1000 au zaidi.

## Hatua ya 5: Kuamsha kwa globu

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote.

Unatengeneza hivi: waya wa moto unatoka plagi unaingia kwenye holda ya globu, unatoka kwenye holda unaingia soketi ya redio. Nyutro na ethi vinapita moja kwa moja. Yaani globu na redio vimepangwa foleni kwenye waya mmoja. Redio ikiwa na shoti, globu inawaka mwanga wote na kubeba balaa yote, redio inapata mabaki tu. Redio ikiwa nzima, globu inawaka kidogo na redio inapata umeme wa kutosha kuanza kujinyoosha.

Anza na globu ya wati 60. Swichi ya HEATER iwe OFF, volyumu chini, antena hakuna. Washa, usiangalie redio, angalia globu.

Globu ikipiga mwanga mkali ikashuka ndani ya sekunde mbili tatu na kubaki na wekundu tu wa waya, hiyo ni nzuri. Kapasita zilijaa na sasa zimetulia. Iache hivyo nusu saa. Ikiwa imebaki na mwanga wa wastani lakini unaona unashuka polepole kila dakika, kapasita zinajijenga upya ndani, kuwa na subira, mi niliwahi kukaa na moja toka saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana nikiangalia ule waya unavyopoa rangi, toka njano, chungwa, mpaka wekundu wa kaa linalokaribia kuzima. Lakini ikiwaka mwanga wote na kubaki hapo, zima mara moja: kuna shoti. Rudi hatua ya 2, toa umeme, tafuta kapasita au diodi mbovu.

Baada ya nusu saa ya wekundu, zima, weka globu ya wati 100, nusu saa nyingine. Sasa washa HEATER. Globu itapanda mwanga kwa sababu nyuzi za valvu zinakula umeme, hiyo ni kawaida. Acha saa nzima hivyo, usiguse PTT, valvu zilizolala miaka mingi zinataka kupashwa kabla ya kufanyishwa kazi. Mwisho toa globu, chomeka redio moja kwa moja, simama karibu dakika kumi ukinusa.

Na huku kwetu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Ukikatika, kimbilia swichi kwanza kabla ya tochi, uwashe tena ukishatulia dakika tano.

## Hatua ya 6: Sikiliza kwanza

Weka waya wowote wa mita kumi dirishani. Pandisha volyumu, zungusha nobu ya DRIVE mpaka kelele ya mapokezi ipande, hapo umepata kilele. Washa kalibreta, TS-520S inatoa mlio kila kHz 25, hakikisha namba kwenye piga zinalingana.

Masafa yataelea dakika za mwanzo, sauti ya mtu inakuwa kama ya bata polepole, unamfuata na nobu. Ipe nusu saa mpaka saa moja. Kama bado inaelea baada ya hapo ndio tuongee habari ya VFO (sehemu inayotengeneza masafa).

Ukisikia ngurumo nzito na mita S (ya nguvu ya mawimbi) imepanda hata pasipo stesheni, kabla hujailaumu redio zima taa za LED, chaja za simu na chaja ya sola. Kwangu chaja moja tu ya simu ilikuwa inaziba bendi ya mita 40 (7 MHz) yote.

## Hatua ya 7: Rusha kwenye mzigo bandia

Mzigo bandia unakaa mahali pa antena, nguvu inaishia humo bila kwenda hewani. Zile rezista ishirini za 1k ziunge sambamba zote: 1000 gawa kwa 20 ni omu 50, na zinabeba wati 40 kwa muda mrefu, zaidi ya hapo kwa sekunde chache tu. Lehemu juu ya sahani mbili za shaba au bati la kopo, weka soketi ya kebo. Mtu akikushauri uzitumbukize kwenye mafuta ya transfoma ya nguzo kataa, ya zamani yanaweza kuwa na sumu mbaya ambayo haitoki mwilini. Na globu usiifanye mzigo, omu zake zinabadilika kadri inavyopata moto, utakuwa unajipima na kitu kinachokimbia.

Pima mkondo wa kupumzika wa fainali: mita kwenye IP (mkondo wa pleti), modi ya USB (sauti upande wa juu wa masafa), kipaza chini, bonyeza PTT. TS-520 inatakiwa isome mA 60. Ikiwa iko juu au chini rekebisha kwa pot (rezista ya kuzungusha) ya baiasi, ile inayopanga volti ya gridi. Ikiwa inapanda yenyewe huku umeshika, achia: ile kapasita ya hatua ya 4, au valvu yenyewe.

Afu unatyuni, na sheria ni sekunde kumi kurusha, sekunde thelathini kupumzika:

Kilele cha DRIVE umeshakipata kwenye kusikiliza. Weka TUNE, bonyeza, zungusha PLATE haraka mpaka mkondo uchovye chini, achia. Pumzika. Sogeza LOAD kidogo, rudi PLATE utafute tena kilele cha mita ya RF (nguvu inayotoka). Achia. Unarudia hivyo mara tatu nne mpaka ukisogeza chochote RF inashuka.

Zima taa ya chumba, chungulia fainali kupitia matundu ya kizimba ukiwa mbali na mkono wako ukiwa mbali zaidi. Rangi ya chungwa ya nyuzi katikati ni sawa. Pleti yenyewe, lile bati la kijivu la nje, ikianza kuona haya wekundu, achia hapo hapo, umepitiliza muda au hujapata mchovyo. Andika namba za PLATE na LOAD za kila bendi kwenye daftari, siku nyingine unaanza karibu na hapo.

Wa transista tupu, kwenu hamna kutyuni, ila mzigo wa omu 50 ni lazima vilevile.

## Hatua ya 8: Antena

Dipoli (antena ya waya yenye mikono miwili) ya mita 40: gawa 143 kwa masafa ya MHz upate urefu wote. Kwa 7.1 MHz ni mita 20.1, yaani kila mkono mita 10 na sentimita kidogo. Kata mikono ya mita 10.5 upunguze taratibu, waya ukishakatwa haurudi.

Kamba nunua ile ya nailoni ya wavuvi pale Kirumba, haiozi. Vipande vya bomba la plastiki vinatosha kuwa insuleta. Tuliojenga juu ya mawe tuna bahati, unafunga kamba kwenye jabali la juu na dipoli inaning'inia juu ya mabati bila mlingoti. Isilalie bati, iwe juu yake mita kadhaa, na iwe mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata ikikatika haizifikii.

Kebo ya omu 50 ni nzuri, ila redio za valvu zinakubali hata ile ya dishi ya omu 75, PLATE na LOAD zitaipokea. Za transista tupu zinataka 50.

Radi. Ukanda huu wa ziwa ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi duniani. Ukiona wingu limesimama upande wa ziwa chomoa antena, kichwa cha kebo kitoe nje ya dirisha, na plagi ya umeme nayo chomoa. Fanya hivyo kila ukimaliza kutumia, mpaka mwili uwe unafanya wenyewe.

## Kuitunza

Iwashe angalau saa moja kila wiki mbili. Joto lake linafukuza unyevu na kapasita zinabaki hai. Ikipoa kabisa ifunike kwa kanga, ikiwa moto usiifunike. Usiku wa vijidudu funga dirisha la upande wa taa. Feni ya nyuma itie tone la mafuta ya cherehani mara moja kwa mwaka, ikisimama usirushe.

## Sasa ifaidi

Mchana sikiliza 7.000 mpaka 7.200 MHz kwa watu wa mikoani na nchi jirani, modi ya LSB (sauti upande wa chini wa masafa). Jioni nenda 14 MHz, USB, Ulaya wanafunguka. Usiku rudi 7, dunia inakuwa ndogo.

Daftari la mawasiliano linaandikwa kwa UTC (saa moja ya dunia nzima), na kwa sisi tunaohesabu saa za Kiswahili kuna njia rahisi: saa ya usiku ongeza 15. Saa moja usiku ni 16:00, saa nne ni 19:00. Ukipata 24 ni 00:00, kuanzia hapo toa 24.

Kipimo bora cha redio yako bila kurusha chochote kipo 14.100 MHz. Weka CW (modi ya Morse) usikilize dakika tatu. Stesheni 18 za dunia nzima zinapokezana hapo, kila moja sekunde kumi: jina lake kwa Morse (milio mifupi na mirefu), afu milio minne mirefu, wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. 5Z4B ya Kenya iko jirani lakini usishangae ikikupita, kwa masafa hayo mawimbi yanaruka juu ya vichwa vyetu na kutua mbali. ZS6DN ya Afrika Kusini na 4X6TU ya Israeli ndizo za kutegemea.

Chora mistari minne kwenye daftari kwa kila stesheni, weka alama kila mlio unaousikia, na saa yake. Kwa redio iliyoamshwa hivi, ZS6DN mlio wa tatu naupata jioni nyingi. Ule wa nne nimeupata mara mbili, zote saa kumi na mbili jioni, chaja zote zimezimwa, sikio limebanwa kwenye spika.